Tusiwaogope Wanaojifunza Hila za Majina

Mtumishi wa umma aliyeko Geita, Kahama au Mwadui anapotaka kuomba uhamisho siku hizi hafuati jalada masjala. Huandika jina la ukurasa wa Serikali katika simu yake, akatia neno lake la siri, akasubiri. Ameliamini jina lile, kama mtu anayetumbukiza barua katika sanduku la posta na kwenda zake.

Hapana budi tuelewe nini hutokea katika kitambo kile kifupi. Kompyuta haziitani kwa majina bali kwa namba. Mfumo wa kugeuza majina kuwa namba ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, wakati mtandao ulipokuwa wa watu wachache waliofahamiana; ulinzi haukufikiriwa sana. Simu huiuliza seva namba ya jina fulani kwa pakiti ndogo isiyo na muhuri, na jibu hurudi vivyo hivyo. Jibu linalotangulia likiwa na namba ya swali inayolingana ndilo hupokewa, na namba hizo ni 65,536 tu. Mwaka 2008 Mmarekani Dan Kaminsky alidhihirisha kwamba mlaghai aweza kuichochea seva iulize maswali mfululizo, huku akiimiminia majibu ya uongo mpaka moja lilingane. Seva ikishapotoshwa, kila anayeiuliza hupotoshwa pamoja nayo. Dawa ya haraka ikawa kubadili-badili pia mlango ambamo swali hutokea, ili mlaghai awe na mabilioni ya kukisia. Dawa ya kudumu ni kuyatia majibu saini, kama vile kilele cha mfumo mzima kilivyotiwa mwaka 2010. (Onyo la simu kwamba ukurasa hauaminiki nalo ni kinga, wengi wetu hulibonyeza lituondokee.)

Hila ya pili imo katika swali lenyewe. Mlaghai huuliza swali fupi, na mahali pa anwani ya mtumaji huandika ya mtu mwingine. Jibu, ambalo laweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko swali, humwangukia asiyeuliza kitu. Shirika la Spamhaus lilishambuliwa kwa njia hiyo mwaka 2013, ingawa tangu mwaka 2000 wenye mitandao walikwisha kushauriwa wazuie pakiti zinazotoka kwao zikiwa na anwani zisizo zao.

Zipo programu za kuyajaribia haya, tena za bure: dig huuliza na kuonyesha jibu lote jinsi lilivyo, Scapy humwezesha mtu kuiunda pakiti mwenyewe, pamoja na anwani ya uongo akitaka. Hazina picha wala vitufe. Mtu huandika amri katika skrini nyeusi, na hapo ndipo mashaka huanzia.

Wako wenzetu wanaosema kijana akionekana na skrini ya namna hiyo anyang'anywe kompyuta. Huishika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inakataza kumiliki isivyo halali programu iliyobuniwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Maneno "isivyo halali" huyaruka. Shinyanga, ambako akina mama wazee wamepata kuuawa kwa sababu moshi wa jikoni uliyafanya macho yao mekundu, haihitaji kufundishwa madhara ya kumhukumu mtu kwa sura ya kitu.

Je, mkaguzi wa Wakala wa Vipimo asiyejua mizani huchezewaje atamsaidia nini mchimbaji mdogo anayepeleka dhahabu yake katika soko la Geita lililofunguliwa mwaka 2019? Lazima aijue hila kuliko mwenye kuifanya. Ofisa wa kompyuta wa halmashauri hana tofauti naye. Asiyepata kuona kwa macho yake jibu la uongo likipokewa atawezaje kulitambua siku litakapokuja?

Hata hivyo sina huruma na anayejaribu hila hizi katika mtandao wa umma, hata usiku wa manane, hata kwa sekunde chache. Anwani aliyoiandika kwa mzaha ni ya mtu, na seva aliyoichezea inategemewa na hospitali. Huyo sheria imshughulikie.

Majaribio yana mahali pake, na gharama yake si ya kutisha. Kompyuta 3 kuukuu zinatosha: moja iulize, moja ijibu, moja idanganye. Ziunganishwe kwa waya zenyewe kwa zenyewe, bila njia ya kutoka nje, na mwalimu awe na daftari la kuandika tarehe, jina la mwanafunzi na amri iliyotumika. Chuo cha VETA Shinyanga kingeweza kuanza muhula ujao. Kinachokosekana ni waraka wa wizara unaotamka wazi kwamba mwalimu wa namna hiyo yumo kazini, ili mkuu wake asiwe na sababu ya kuita polisi.