Shamba Lina Bwana Shamba, Kijana Ana Nani?

Mkulima wa Bahi akiona mpunga wake umegeuka manjano, anajua pa kwenda: atamtafuta Bwana Shamba. Mfugaji wa Chemba, ng'ombe wake wakianza kukohoa, atamwita Bwana Mifugo. Watu hawa wawili wamesomeshwa kazi yao. Nyuma yao wako wenzao wenye elimu ya juu zaidi, wanaochunguza mifugo pale Mpwapwa na mizabibu pale Makutupora mwaka hadi mwaka, ili yule wa kijijini asiseme kwa kubahatisha. Sasa tunauliza, ndugu wananchi: kijana wa kidato cha nne wa Bahi hiyo hiyo, anayetaka kujua ayaelekeze wapi maisha yake, atamwita nani?

Jibu tunalijua sote. Atamwuliza mjomba. Atamwuliza mwenzake aliyemtangulia mwaka mmoja, ambaye naye aliulizia njiani. Au hatamwuliza mtu, atajaza fomu ya TAMISEMI kwa kusikia kwamba tahasusi fulani ndiyo ya wenye akili, na nyingine ni ya walioshindwa. Zamani tahasusi za kidato cha tano zilikuwa 16. Mwaka 2024 Serikali iliziongeza zikafika 65. Sisi tunaunga mkono jambo hilo, maana nchi haiwezi kuishi kwa madaktari na wanasheria tu. Lakini ukimwongezea msafiri njia 49 bila kumpa mtu wa kumwonyesha zinakokwenda, umemwongezea mahali pa kupotelea.

Wala si kosa dogo linalorekebishwa kesho yake. Kijana akikosea, atatumia miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha mitatu au zaidi ya chuo kikuu. Atachukua fedha za Bodi ya Mikopo, nazo ni deni. Baba atakuwa ameuza mbuzi na mama ameuza karanga. Mwisho wa safari ndipo mtoto anapogundua kwamba kazi aliyoisomea haipo, au ipo lakini yeye haiwezi wala haipendi. Hapo hasara si ya nyumba moja. Ni ya taifa zima lililomlipia.

Tukumbuke tulikotoka. Wakati wa mkoloni kazi ya kumwelekeza kijana ilikuwa nyepesi sana. Bwana Shauri hakuhitaji kusomea jambo hilo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuamua. Mwafrika angekuwa karani, tarishi, mpishi, askari, au manamba katika mkonge. Ukubwa wa ofisi ulikuwa na rangi yake, na duka lilikuwa na rangi yake. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Watoto wetu hawakukosa akili za uhandisi. Hawakuulizwa.

Baada ya Uhuru Serikali ilifanya hesabu ya watu iliowahitaji. Mpango wa miaka mitano ulioanza mwaka 1964 uliweka shabaha kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake. Aliyesomeshwa alipangiwa kazi. Ilikuwa na ubaya wake, kwani wengine walipangiwa wasichokipenda, lakini mlango ulikuwa pale na jina lake liliandikwa. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliuondoa mpango huo. Tangu hapo kijana anaambiwa achague mwenyewe. Vema, uhuru wa kuchagua ni uhuru. Lakini uhuru wa kuchagua gizani ni kubahatisha.

Na sasa jambo hili linazidi kuwa la haraka. Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa hapa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inataka kila mtoto asome miaka kumi kwa lazima. Sekondari imegawanywa mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na ule wa amali ulianza Januari 2024 katika baadhi ya shule. Elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Maana yake, mtoto wa miaka 12 au 13 atasimama kwenye njia panda. Hapo ndipo tunaposhika mashaka. Pasipo mshauri anayejua kazi yake, tunaogopa kwamba mtoto wa mwenye nacho atapelekwa jumla na mtoto wa maskini atatupwa amali, hata kama mikono ya yule wa kwanza ni ya ufundi na kichwa cha huyu wa pili ni cha hesabu. Tunaogopa zaidi kwa wasichana, ambao wataambiwa cherehani kabla hawajaulizwa habari ya umeme. Tukikubali hayo, tutakuwa tumemrudisha Bwana Shauri kwa mlango wa nyuma.

Wapo watakaosema: mbona shule zina walimu wa ushauri? Ni kweli. Waraka wa Wizara wa mwaka 2002 ulizitaka shule ziwe na huduma ya ushauri na unasihi, na kabla ya hapo walikuwapo walimu waliopewa jukumu la kusema na wanafunzi juu ya kazi. Hatuwalaumu walimu hawa, tunawahurumia. Mwalimu ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, ana zamu ya bweni. Tena mara nyingi yeye ndiye mwalimu wa nidhamu. Mtu aliyekuchapa asubuhi utamfungulia moyo jioni? Zaidi ya hayo, wengi wao hawakufundishwa kazi hii, waliteuliwa tu.

Na kazi hii inafundishwa, wala si kipaji cha kuzaliwa. Mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwaongoza vijana katika mji wa Boston, Marekani. Alisema kwamba mambo ni matatu: kijana ajijue mwenyewe, azijue kazi, kisha apime haya mawili kwa akili. Kufikia 1911 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kinafundisha somo hilo. Katika Afrika, shule ya St. Theresa's ya Ibadan, Nigeria, ilianza mwaka 1959 kuwaongoza wasichana wake juu ya kazi. Jirani zetu wa Kenya wanafundisha unasihi hadi shahada ya uzamili katika vyuo vya Kenyatta na Egerton. Nasi hatukulala kabisa: Profesa Biswalo wa Dar es Salaam alichapisha mwaka 1996 kitabu cha unasihi katika mazingira ya Kiafrika. Mbegu ipo. Inataka shamba.

Tunasema shamba hilo liwe Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na ukumbi wa Chimwaga, uliojengwa kwa mikutano ya chama, ukatolewa kuwa mwanzo wake. Kina ndaki ya elimu na walimu wa saikolojia. Wizara ziko hapa tangu Serikali ilipohamia kwa nguvu mwaka 2016, kutimiza uamuzi wa 1973. Hata Sekretarieti ya Ajira imekuwa na ofisi katika eneo la chuo hicho, kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili anaweza kutoka darasani akaenda kwa miguu kuuliza ni kazi zipi zinaombwa na watu wengi mno na zipi zinakosa waombaji. Na akipanda gari saa mbili tatu amefika Kondoa au Mpwapwa, kwa watoto wenyewe.

Kwa nini uzamili? Kwa sababu vipimo vya kumpima kijana vimetungwa ugenini. Ukimwuliza mtoto wa Chemba kama angependa kazi ya jumba la makumbusho, umempima safari alizokwenda, hukupima akili yake. Lazima wawepo watu wetu wa kutunga vipimo vyetu, kuvijaribu, kuvitupa vibaya na kubakiza vizuri, kama watafiti wa Makutupora wanavyojaribu mche kabla ya kumpa mkulima. Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini si kwa kufuata kitabu cha Ufaransa neno kwa neno. Na anayetaka kuona mwisho wa mpango usiouliza, aende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga katika ardhi ambayo mvua yake haina ahadi na udongo wake hukauka ukawa jiwe. Kufikia 1951 wakaacha, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30. Wenyeji walijua. Hawakuulizwa. Kuuliza si ujinga.

Lakini tusidanganyane. Mshauri wa kazi haumbi kazi. Nchi isipojenga viwanda na kilimo chenye faida, mshauri atakuwa anamwonyesha kijana mlango uliofungwa. Hata hivyo ajira ikiwa chache ndipo makosa yanapokuwa ghali zaidi. Tena mshauri aliyesoma vizuri ataandika na kuiambia Serikali: vijana wetu wengi wanataka hiki, nanyi hamkijengei nafasi. Nalo hilo ni jambo la kuhitajiwa.

Wala hatutaki uzamili wa kupandia ngazi, ambao mtu akishauvaa anaikimbia shule na kutafuta kiti cha makao makuu. Kwa hiyo tunataka masharti. Kwanza, nusu ya masomo iwe mashuleni na vijijini. Pili, anayesomeshwa kwa fedha ya umma atumike wilayani miaka isiyopungua mitatu. Tatu, tasnifu yake iandikiwe muhtasari wa Kiswahili na urudishwe katika shule zilizompa majibu, maana kijana anashauriwa kwa Kiswahili, wala si kwa lugha ya rafu za maktaba. Nne, masomo yawepo pia wakati wa likizo, ili mwalimu wa Mvumi aweze kusoma bila kuliacha darasa lake.

Hatuombi mwenye uzamili kila shule, nchi haina uwezo huo leo. Mkoa wa Dodoma una wilaya saba. Tuanze na mmoja kila wilaya, awafundishe walimu wa ushauri, azunguke, awasikilize wazazi barazani. Watu saba si mzigo wa kulishinda taifa.

Nanyi wanachama wa matawi, jambo hili msiliachie Wizara peke yake. Kikao kijacho cha wazazi, mwulizeni mkuu wa shule: nani anawashauri watoto wetu, amesomea wapi, na ana saa ngapi kwa wiki kwa kazi hiyo? Mkijibiwa kwamba hayupo, andikeni barua kwa Mkurugenzi, na nakala mpeni diwani wenu. Fomu za kidato cha nne hazingoji.