Visu Kambini Visipigwe Marufuku

Tangu tuliporudi kutoka kambini Kisarawe, maneno yamekuwa mengi hapa Kongowe. Mwenzetu mmoja alijikata vidole viwili akashonwa, na sasa baadhi ya wazazi wataka visu vipigwe marufuku safari ijayo. Wazazi wetu nawaheshimu, lakini katika jambo hili sikubaliani nao, na kwa idhini ya Mhariri nitaeleza kwa nini.

Nilikuwapo alipojikata. Alikuwa na kisu cha kukunja, kile cha mfukoni, naye alikuwa akitoboa tundu katika ufito apitishe kamba ya hema. Alisukuma kwa ncha. Bapa likajikunja likamrudia vidoleni. Kisu cha namna ile hushikwa wazi na springi tu, hakina kizuizi. Chafaa kukata kamba na kumenya embe. Kutoboa mti si kazi yake.

Visu hivi vya mfukoni twavipenda kwa sababu vinang'aa. Kile cha Uswisi kinachojulikana duniani kote kilianza kwa Karl Elsener, aliyewauzia askari wa nchi yake visu mwaka 1891. Kilikuwa na kifungua kopo, na bisibisi ya kufungulia bunduki. Sisi hatuna bunduki. Tuna mihogo na kuni.

Kwa mihogo na kuni hakuna kama kisu cha mpini, kile kile cha jikoni kwetu. Bapa lake lina mkia ulioingia ndani ya mpini, wala hapana mahali pa kukunjika. Kikae katika ala, na ala ifungwe mkandani. Panga nalo liwe moja kwa kundi zima, lishikwe na kiongozi. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kukata mti wa hifadhi bila kibali. Basi anayekuja na panga lake ili aonekane shujaa hana kazi nalo. Vigingi vya hema tuvichonge nyumbani.

Marufuku itafanya nini? Visu vitakuja vile vile, vimefichwa ndani ya soksi, bila ala, tena butu. Na kisu butu ndicho kibaya zaidi, maana hulazimisha mtu kutumia nguvu, kikateleza.

Wazee walisema mwana akililia wembe mpe. Hapo mimi naomba radhi kwao: apewe, lakini baada ya kufunzwa. Kabla ya safari mwalimu atupime mmoja mmoja. Je, anakata kuelekea nje, mbali na mwili wake? Je, haweki paja chini ya kisu? Pajani mna mshipa mkubwa wa damu, na kambi iko mbali na zahanati. Je, akimpa mwenzake kisu, hutanguliza mpini? Anajua kukinoa kwenye kinoo, na kukifuta kabla hakijashika kutu? Atakayeshindwa achote maji. Kuchota maji nako ni kazi, nami nimeifanya sana.

Mwenzetu amepona. Juzi aliniambia atakuja tena, safari hii na kisu cha jikoni cha bibi yake, kilichoviringishwa gazetini mpaka tumshonee ala.