Kilebu hakui kwa ugali mtupu

Likizo zikianza, vilebu huhama nyumba. Jirani wa Lanet ambaye mbwa wake amezaa saba anawagawa, kijana wa kando ya barabara anawauza akiwa amewatia ndani ya katoni, na jioni moja mtoto wako anaingia mlangoni na kiumbe kimejikunyata ndani ya sweta lake la shule. Baba anasema huyo ni wa kulinda boma. Watoto washampa jina. Kabla ya nusu saa kupita, kuna mtu ameenda jikoni, akachukua ugali uliobaki mchana, akaumwagia maziwa na kuuweka chini.

Hapo ndipo ningependa kukusimamisha kidogo, msomaji. Sote tulikaririshwa shuleni kwamba mtoto wa mbwa huitwa kilebu. Hakuna aliyetuambia anakula nini.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na ugali. Wako wanaodai kuwa mbwa ni ndugu ya mbwamwitu na kwa hivyo hapaswi kuonja chochote kisichokuwa nyama. Hilo si kweli. Mwaka wa 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana uwezo mkubwa wa kusaga wanga tumboni, uwezo alioupata kwa kuishi na binadamu na kula makombo yake kwa maelfu ya miaka. Ugali humpa mbwa nguvu kama unavyokupa wewe. Kasoro yake ni kwamba haumjengi.

Piga hesabu pamoja nami. Unga wa mahindi una takriban gramu 8 au 9 za protini katika kila gramu 100. Kilebu anayekua huhitaji chakula ambacho, maji yakiondolewa, kina protini isiyopungua gramu 22 katika kila 100. Ili apate kiasi hicho kwa ugali peke yake, ingembidi ale zaidi ya maradufu ya anachohitaji, na tumbo lake ni dogo kama ngumi ya mtoto. Kwa hivyo analijaza tumbo na bado ana njaa. Utamwona tumbo limevimba kama ngoma, mbavu zinahesabika, manyoya hayana mng'aro, na miguu ya mbele imepinda. Mwenye boma hulitazama tumbo lile na kusema, "Huyu anakula vizuri." Sivyo. Hilo ni tumbo la wanga na minyoo.

Halafu mwaka unapita, na watu wanalalamika kwamba mbwa huyo ni mwoga, mdogo, na hulala usiku kucha huku wezi wakibeba kuku. Mlinzi alinyimwa chakula akiwa na umri wa miezi miwili. Alitarajiwa kuwa na kifua kutoka wapi?

Lakini kuna jambo la pili kuhusu mahindi, na hili huua kwa siku chache tu. Sisi wa Nakuru, Njoro, Rongai na Subukia tunaishi katikati ya mashamba ya mahindi. Mavuno yakikutana na mvua, baadhi ya magunzi huota ukungu. Mama wa nyumba huyachambua mahindi, mazuri yakaenda kwa kinu cha kusaga, na yale meusi, ya kijani au ya waridi yakawekwa kando. Yakatupwe? La. Mengi husagwa yakawa unga wa mbwa na kuku. Mbwa hasemi kitu, anakula tu.

Kuvu inayoota kwenye nafaka inaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hushambulia ini. Kati ya mwaka wa 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kutokana na chakula kilichohifadhiwa vibaya kikaingiwa na sumu hiyo. Somo hilo tulilipata mapema, na kutoka kwa wanyama. Mwaka wa 2004 zamu ilifika kwa watu: katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Wala usidhani ni balaa ya maghala yetu pekee. Marekani, kufikia Januari 2021, zaidi ya mbwa 70 walikuwa wameripotiwa kufa baada ya kula chakula cha mifuko, kile cha dukani chenye picha nzuri, kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo.

Ubaya wa aflatoksini ni kwamba haiondoki kwa kupika. Unaweza kuusonga ugali ule mpaka mwiko uvunjike, sumu ingali humo. Na kilebu, kwa udogo wa mwili wake, huhitaji sumu kidogo tu. Dalili ni kukataa chakula, kutapika, ulegevu, mkojo wa rangi nzito, na weupe wa macho au ufizi kugeuka manjano. Ukiona manjano, usingoje Jumatatu.

Kama una gunia lako la mahindi nyumbani na hujui limekauka kiasi gani, kuna jaribio ambalo wakulima hulitumia na halina gharama. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika na utikise vizuri, kisha iache itulie kwa dakika kadhaa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuhifadhiwa. Ikianguka chini yote, unaweza kupumua. Jaribio hili hupima unyevu tu. Mahindi ambayo tayari yameota kuvu hayawi salama kwa kukaushwa.

Vipi basi kuhusu ule unga wa mbwa unaouzwa kwa kilo katika maduka ya dawa za mifugo? Wengine hutengeneza vizuri, wengine hupakia pumba na jina. Nunua uliofungwa kiwandani, wenye jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na alama ya ubora ya shirika la viwango la KEBS. Ule unaochotwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi, karibu na mlango ambapo mvua hurusha, mwachie mwenye duka. Unuse pia. Chakula chenye harufu ya uvundo hakina haja ya maabara. Ukinunua chakula kikavu cha punje, tafuta kwenye mfuko neno la Kiingereza "puppy". Kile cha mbwa wazima kina protini kidogo zaidi na hakikupimwa kwa mahitaji ya anayekua.

Najua wengi watasema mifuko hiyo ni ya watu wa Milimani. Haya, twende sokoni.

Mkombozi wa nyumba ya kipato cha kawaida ni omena. Akishakaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima, mifupa yake midogo humpa kilebu madini ya kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Nunua omena msafi, wa kuliwa na watu, si ule uliofagiliwa na mchanga ukauzwa kwa ajili ya kuku. Uoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu ili kupunguza chumvi na mchanga, uchemshe, uuponde, ndipo uchanganye na ugali laini, wali au viazi. Nusu ya kile kilichomo ndani ya bakuli iwe omena, nyama, mayai yaliyochemshwa au maharagwe yaliyoiva hadi kupondeka. Nusu nyingine ndiyo iwe wanga. Karoti au sukuma wiki kidogo iliyokatwa ndogo ndogo haidhuru.

Nyama ya buchani inafaa, hata matumbo, mradi iive. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo lenyewe linahusu watoto wako kuliko mbwa. Mapafu na maini yenye kasoro huuzwa au kugawiwa kwa bei ya chini "ya mbwa", na watu huyatupa mabichi uani. Ndani ya viungo hivyo vya ng'ombe, mbuzi au kondoo mnaweza kuwa na vifuko vya maji vyenye viluwiluwi vya mnyoo mdogo. Mbwa akivila, minyoo hukomaa tumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi na kushikamana na manyoya. Mtoto akimkumbatia kilebu kisha akala mkate bila kunawa, mayai yale huingia mwilini mwake na kufanya uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, uvimbe unaoweza kukua kimya kwa miaka mingi na mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Turkana imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa sehemu zenye visa vingi sana vya ugonjwa huu duniani, hata shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuukabili huko mwaka wa 1983. Wamaasai pia wanaufahamu. Kwa hivyo chemsha mapafu na maini kwa nusu saa au zaidi, na usimruhusu kilebu kuzurura nyuma ya kichinjio.

Makombo ya mezani yana mitego yake. Mchuzi wetu hauanzi bila kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichokaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa na ncha kali kama sindano. Chokoleti ni sumu kwake, na zabibu pia, kwa hivyo waambie watoto kwamba kushiriki peremende na kilebu si upendo. Mtolee chakula chake kabla ya kutia kitunguu na chumvi kwenye sufuria, basi utakuwa umemaliza ubishi.

Na maziwa? Maziwa ya mama yake yana protini na mafuta takriban maradufu ya yale ya ng'ombe, kwa hivyo maziwa ya dukani hayachukui nafasi yake. Isitoshe, tumbo la kilebu aliyeachishwa kunyonya hupoteza polepole uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na matokeo utayapangusa sebuleni. Mala au mursik kidogo humkalia vizuri zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na bakteria.

Usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Muulize uliyempata kwake alikuwa akimlisha nini, hata kama jibu halikupendezi, na uendelee na chakula hicho siku za kwanza. Kisha changanya: robo ya chakula kipya, baadaye nusu, baadaye robo tatu, mpaka wiki ipite. Mabadiliko ya ghafla huleta kuharisha. Mlishe mara 4 kwa siku hadi afikishe miezi 3, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2. Kwa nyumba ambayo watu wote hutoka asubuhi, hili ndilo gumu zaidi, na afadhali ulifikirie kabla ya kumleta kuliko kumwachia sufuria nzima alfajiri ili ale mpaka jioni, nzi wakimsaidia.

Wenye mbwa wa jamii kubwa kama yule wa Kijerumani wana kishawishi chao: wanataka akue haraka, kwa hivyo wanamzidishia chakula na kumnunulia vidonge vya kalsiamu. Kilebu mchanga hana uwezo wa kuikataa kalsiamu iliyozidi kama mbwa mzima anavyofanya. Mifupa yake huweza kukua vibaya na akachechemea maisha yake yote. Kama anakula chakula cha vilebu cha kiwandani, au omena kila siku, usimwongezee unga wala kidonge bila daktari wa mifugo kusema. Mbwa hao hukua hadi miezi 18 na hata zaidi, kwa hivyo hakuna haraka. Pitisha vidole ubavuni mwake: unatakiwa kuzigusa mbavu kwa urahisi bila kuziona kwa mbali.

Maji awe nayo wakati wote. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, hiyo hiyo inayotia meno ya watu wetu rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Meno ya kudumu ya kilebu huanza kuota akiwa na takriban miezi 4, na hutengenezwa ndani ya ufizi mapema zaidi. Kama una tangi la maji ya mvua au chujio la mkaa wa mifupa, mchotee kutoka humo.

Minyoo ya vilebu wengi hutoka kwa mama, kwa hivyo dawa hutolewa tangu wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki 2 hadi wiki ya 12. Bila hiyo, omena wako atawanenepesha minyoo. Chanjo ya kwanza dhidi ya parvo huwa kati ya wiki ya 6 na ya 8, na ile ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3. Akitapika na kuharisha damu, usibadilishe chakula wala kumpa maziwa kumtuliza. Mfunge taulo na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, ukichukua na kipande cha kile alichokula mara ya mwisho.