Akiba ya Mzee Si Kiti cha Kijana

Wako wanaowashauri wafanyakazi wa hoteli za Diani waliotimu miaka 50 waache kazi, wachukue akiba yao ya NSSF, wawapishe vijana. Sisi twapinga. Sheria yaruhusu, lakini posho ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi (nayo huchelewa), humngoja mzee mpaka afikishe 70. Miaka 20 hiyo ataishi kwa nini? Watu wa Msambweni wanakumbuka Ramisi, kiwanda cha sukari kilipoanguka mwaka 1988. Fedha za mkupuo huishia karo na matanga. Kijana atafutiwe kazi mpya, si ya babake. Ndugu waumini, waulizeni wabunge wa Kwale hadharani: umri wa posho utashushwa hadi 60, ndiyo au la?