Jina la mkimbizi si kitu cha kujifunzia kutengeneza programu ya simu

KILWA – Kuna habari inayozunguka sana siku hizi, kutoka Lubumbashi mpaka huku kando ya ziwa Mweru: kutengeneza programu ya simu si kazi ya injinia tena. Kijana mwenye kompyuta na mega kidogo anaweza kuianza asubuhi na kuimaliza kabla ya jua kuzama. Habari hiyo ni ya kweli. Shida ni kwamba wengi wanaoitangaza wanaishia hapo, hawasemi programu hiyo inakusanya nini, na inakipeleka wapi.

Wasikilizaji wajue kwanza kazi yenyewe inavyokwenda. Chombo kama App Inventor, kilichotolewa na Google mwaka 2010 na ambacho sasa kinasimamiwa na chuo cha MIT cha Marekani, hakimdai mtu aandike lugha ya kompyuta. Anavuta kitufe na kukiweka anapotaka. Anaongeza picha, sauti, au nafasi ya kuandika jina. Halafu anaunganisha vipande vya rangi, kama mtoto anayepanga vijiti: kitufe hiki kikiguswa, sauti hii isikike. Mwishoni anapata faili la kuweka katika simu ya Android, na faili hilo linaweza kupita kutoka simu moja hadi nyingine bila intaneti.

Kwa mji kama Kilwa, ulio karibu kilomita 350 kutoka Lubumbashi kwa barabara ambayo mvua inaiharibu, hiyo ni nguvu kubwa. Kijana aliyemaliza sekondari hapa anaweza kutengeneza programu ya bei za samaki, ya siku za soko, au ya kuwakumbusha wamama tarehe za chanjo. Huyo asizuiwe na mtu. Akikosea, watu watacheka, naye atarekebisha kesho yake.

Lakini kuandika majina ya familia zilizokimbia vita ni kazi nyingine kabisa. Bei ya samaki ikikosewa, mfanyabiashara anapoteza faranga kidogo. Orodha ya wakimbizi ikikosewa, mama mwenye watoto watano analala bila unga. Na orodha hiyo ikivuja, watu wanaweza kufa.

Kilwa haihitaji mwalimu wa kuifundisha jambo hilo. Mwezi wa 10 mwaka 2004, kundi dogo la waasi liliingia mjini, kisha wanajeshi wakaja kuurudisha. Uchunguzi wa MONUC ulihesabu zaidi ya watu 70 waliouawa, na kati yao wamo waliouawa baada ya kukamatwa. Kudhaniwa tu kwamba umewaunga mkono waasi kulitosha. Mahali palipopita hayo, orodha yenye jina la mtu, kijiji alichotoka, kabila lake na namba yake ya simu si karatasi ya kawaida. Na vita havikuishia hapo. Watu wa Pweto, Mitwaba na Manono wamehama mara nyingi kwa sababu ya Mai-Mai na mapigano kati ya jamii. Mwaka 2017 maelfu walivuka kwenda Zambia, na kambi ya Mantapala huko Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, ikafunguliwa kwa ajili yao mwaka 2018. Wengi wa watu hao walikimbia kwa sababu mtu fulani aliwajua wao ni nani na wanakaa wapi.

Wanaotetea programu za haraka wanajibu kwamba majina yako salama, yamefungwa kwa neno la siri. Wasikilize yaliyoipata Msalaba Mwekundu. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa mitandao wameingia katika mashine zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000: familia zilizotenganishwa, watu waliopotea, watu walio kizuizini. Shirika hilo lina wataalamu na lina fedha. Basi itakuwaje kwa fomu iliyotengenezwa Jumamosi moja, kwenye akaunti ya bure, na neno la siri linalojulikana na marafiki watano?

Jibu la pili la watetezi ni kwamba programu inarekebishwa ifae mahali petu. Hapo lazima waulizwe: mnarekebisha nini? Mara nyingi kinachobadilishwa ni rangi na alama ya mradi, huku mifupa ya fomu inabaki ya mgeni. Fomu nyingi za tayari zina nafasi mbili za jina, wakati Mkongomani ana jina, postinomu na prenomu. Mwandishi mmoja anaacha hili, mwingine anaacha lile, na mtoto mmoja anatokea kama watoto wawili, au hatokei kabisa. Fomu inadai avenyu na namba ya nyumba kwa mtu anayelala chini ya turubai. Inadai namba ya simu, na bila hiyo haikubali kuendelea, hata kama mama aliacha simu yake porini. Ikiwekewa kwamba namba lazima ianze na 243, inamkataa aliyerudi kutoka Zambia na namba ya 260. Makosa hayo yote yanarekebishwa kwa dakika chache. Hayarekebishwi kwa sababu aliyetengeneza hakuwahi kukaa na mama huyo akamwuliza.

Tena kuna lugha. Programu inafika kwa Kifaransa, na mwandishi anatafsiri kwa kichwa chake, kila mmoja namna yake. Wazee wengine wanasema Kibemba, Kitabwa au Kizela kuliko Kiswahili. Na bado chombo kinaruhusu sauti! Swali linaweza kurekodiwa kwa mdomo wa mtu wa hapa, picha ikawekwa pembeni, na mtu asiyejua kusoma akasikia mwenyewe anachoulizwa kabla ya kukubali. Kukubali bila kuelewa si kukubali.

Kuhusu rezo, hakuna cha kujitetea. Vyombo vya ODK na KoBoToolbox vinajaza fomu bila intaneti, vinahifadhi ndani ya simu, na kutuma siku rezo itakapopatikana. KoBoToolbox ilianzia kwa watafiti waliokuwa wakiuliza raia habari za vita kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Fomu yake inatengenezwa bila kuandika misimbo, inapokea lugha kadhaa, na inaweza kufungwa ili asiye na ufunguo asisome kitu. Kwa hiyo anayeleta programu inayokufa rezo ikikatika amechagua vibaya. Asisingizie mnara.

Kitu kingine kinachofichwa ni mwenye mali. Vyombo vingi vya biashara vinaanza bure, halafu vinadai dola kila mwezi, kwa kadi ya benki. Mradi ukiisha na malipo yakikatika, programu inazimika, na majina yanabaki katika mashine ya kampuni ambayo shefu wa kijiji hawezi hata kulitaja jina lake. Sheria ya kidijitali ya Kongo ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Sheria hiyo haikusema kwamba mkimbizi yuko nje yake.

Kuna wanaosema afadhali programu mbovu kuliko karatasi, kwa sababu daftari linalowa, linaungua, na kuna anayeweza kuongeza jina la shemeji yake usiku. Ni kweli, daftari lina dhambi zake, na Kilwa inazijua. Lakini daftari moja likiibwa, limeibwa moja, na watu wanajua limepotea. Orodha iliyo mtandaoni inanakiliwa mara mia bila mwenyewe kujua, na haiwezi kuchomwa moto siku hatari inapokaribia.

Wengine wanataja Ushahidi, ramani iliyotengenezwa na vijana wa Kenya kwa siku chache mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Mfano huo ni mzuri, lakini usomwe wote. Wengi wa waliotengeneza walikuwa Wakenya, walijua lugha, walijua miji, na taarifa zilikuwa zikikaguliwa na watu. Baadaye ilipokuwa rahisi kwa kila mtu kufungua ramani yake, nyingi zilifunguliwa zikabaki tupu. Kilichobeba kazi ni watu waliokuwa nyuma ya chombo.

Kwa hiyo viongozi wa mtaa, kamati za wakimbizi na mashirika wana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya simu yoyote kuingia kambini. Nani atashika majina, na atayafuta lini? Je, inafanya kazi bila rezo? Je, mama asiyesoma atasikia swali kwa lugha yake? Mradi ukiisha, orodha itabaki kwa nani? Asiyeweza kujibu yote manne arudi na simu yake, hata kama amekuja na magunia ya unga. Unga ugawiwe kwa tokeni zenye namba, bila kabila na bila kijiji cha asili, mpaka majibu yapatikane.

Na badala ya kuleta programu zilizopikwa mbali, walete mafunzo. Kompyuta tatu, umeme wa jua, na mwezi mmoja wa masomo vinatosha kuwaanzisha vijana wa Kilwa, pamoja na vijana waliokimbia wenyewe. Wajifunze kwa bei za samaki kwanza. Siku watakapofika kwenye majina ya watu, watakuwa wanaandika majina ya mama zao na wajomba zao, na hawatasahau kuweka nafasi tatu.