Kama Hutaki Kuonyesha Kiungo, Usituonyeshe Baiskeli

Wasee, ile klipu yangu ya chopa nimeitoa jana usiku. Ndiyo, ileile iliyowaleta wengi wenu kwenye ukurasa huu. Jumbe zishaanza kumiminika, "mbona bro, umenyamazishwa na nani?" Sijanyamazishwa na mtu. Hebu nieleze, halafu mkitaka kunitukana, kamenti ziko wazi.

Kwa wale wapya: chopa ni baiskeli yenye foko ndefu, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, na usukani uliopanda juu kama pembe za ng'ombe. Unakaa chini, unaegemea nyuma, mtaa mzima unageuka. Mtindo wenyewe ulitoka kwa pikipiki za California, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Raleigh kule Nottingham, Uingereza, ikatoa baiskeli yake, Chopper, gurudumu la mbele inchi 16 na la nyuma inchi 20. Yangu niliijenga hapahapa Mbaraki, nyuma ya maghala, kutoka kwa mamba kuukuu niliyoinunua kwa mtu wa vyuma chakavu. Mnaijua mamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya babu zetu.

Klipu ilikuwa ya sekunde 42. Nakata foko, cheche zinaruka, muziki unapanda, halafu niko Mama Ngina upepo wa bahari unanipiga. Safi kabisa.

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja wa mtaani, miaka 14, alijenga yake. Akakata foko ya baiskeli ya mjombake, akaunganisha bomba ncha kwa ncha, akaomba achomelewe juu juu. Akateremka nayo ile barabara ya kuelekea feri ya Likoni. Akaingia kwenye shimo, kiungo kikakatika. Mkono umevunjika, jino la mbele halipo. Nyuma yake kulikuwa na lori, na dereva alishika breki mapema. Hapo ndipo ninapoacha kufikiria, manake nikiendelea silali.

Mamake alikuja kwetu jioni. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa, akapewa chai, akamwambia mamangu, "Dada, sikuja kugombana. Nataka tu kujua mwanao alimwonyesha mwanangu nini." Nikaitwa. Nikampa simu. Akaitazama klipu mara ya kwanza, akairudisha, akaisimamisha baada ya zile cheche. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona hapa panaruka?"

Pale panaporuka, wasee, pana siku nne. Foko ya kwanza ilipinda kabla sijatoka uani. Ya pili ilikatika nikiisukuma tu. Ndipo mzee mmoja fundi wa kuchomelea akanicheka, akanishika mkono na kunionyesha. Niliyakata yote hayo kwa sababu yalikuwa yanaboesha. Nikamkata na mzee mwenyewe, ili ionekane chopa ni kazi yangu peke yangu.

Najua mtakachosema: kontenti si shule, mzazi achunge mwanawe. Mimi nilikuwa nasema hivyohivyo. Lakini niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, karo ikashinda, na tangu hapo nawaimbia hapa kila wiki kwamba darasa haliko chuoni pekee, simu yako inatosha kukufundisha. Sasa siwezi kuigeuka. Kama simu ni darasa, mimi ni mwalimu, tena mwalimu aliyechana ukurasa wenye jibu kabla ya kugawa kitabu.

Na sisemi tuache kujenga. Wanaosema baiskeli hizi ni mchezo wa wavivu waangalie mkokoteni wa maji unaopita mlangoni kwao: ekseli ya gari, mbao, na fundi asiyejulikana jina. Kule Goma watu huchonga chukudu kwa mbao, wakabebea magunia ya viazi na mkaa, na mji umeijengea sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Nairobi, Cyrus Kabiru amegeuza mamba kuwa kazi za sanaa. Kujenga ni kwetu. Tatizo ni kuonyesha mbio na kuficha kiungo.

Basi kiungo ni hiki. Ukirefusha foko, kila shimo la barabara linakipiga kiungo kwa nguvu zaidi, kama vile spana ndefu inavyofungua nati iliyogoma. Kwa hiyo usiunganishe ncha kwa ncha. Tia bomba dogo la chuma ndani, lienee pande zote mbili za kiungo, likae kwa kubana. Toboa matundu kwenye bomba la nje, uchomelee humo, kisha ndiyo uzungushe pale ncha zinapokutana. Chuma cha baiskeli ni chembamba, moto ukizidi unatoboa. Ukitumia bomba la maji, lisugue zinki yote kwanza, moshi wake unaumiza. Halafu ipakie mzigo mzito, uigongeshe ukingoni mwa barabara uani, mara nyingi, kabla mtu hajaipanda. Na hata ikipita, usiiteremshe kwa kasi. Chopper ya Raleigh ilitoka kiwandani na bado ilisifika kwa kutikisika ikikimbia. Sembuse yako na yangu.

Kama wewe ni wa miaka 14, usichomelee. Mtafute fundi, mlipe, na jina lake liwekwe kwenye klipu akikubali. Mzee wangu nilimlipa soda. Juzi nimerudi kumlipa pesa, akazihesabu bila kusema neno.

Gharama ya hospitali tunasaidiana na mamake dogo kidogo kidogo. Sijaandika hili mnipongeze. Hizo pesa zinatoka kwenye laiki zenu za ile klipu, kwa hiyo mna haki ya kujua zilipokwenda.

Video mpya inatoka Jumamosi. Ni dakika 19, muziki hakuna, na foko zote mbili zilizovunjika zimo. Dogo ndiye anayeuliza maswali, mkono bado una plasta. Najua haitafika mbali kama ile ya kwanza.

Na wewe uliyejenga kitu, kiwe spika, kiwe tuktuk, kiwe kitanda, ukapakata pale palipovunjika ili uonekane mkali: parudishe. Kuna mtu anakufuata.