Ampli ya nyumbani: tusinunue maandishi ya katoni

Hapa Goma, Bukavu ao Bunia, anayetafuta ampli ya kuunganisha na televizio kwa feza kidogo anauliza kwanza: «Iko na wati ngapi?» Hapo ndipo anaweza kudanganywa. Hesabu kubwa ya PMPO iliyoandikwa kwenye katoni si nguvu ya kweli. Utafute ile ya RMS. Tena, wati zikiongezeka mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linasikia tofauti ndogo.

Jambo la pili ni umeme. Ampli ya okazio iliyotengenezwa kwa soko la Japani inaomba volti 100, ya Marekani 120. Kwetu ni 220. Ukiichomeka bila transfo, inaweza kuungua palepale, na feza ya jamaa imepotea.

Kwa hiyo, ndugu zetu, musome kibandiko cha nyuma mbele ya kulipa. Muombe muuzaji aiwashe, muisikie. Bafle mbili nzuri zinashinda tano mbaya. Nao wauzaji waseme ukweli: anayeuza kitu cha volti 100 bila kumuonya mteja, anamuibia.